Mkia usiokubali kushuka: shajara ya utando mmoja wa indiamu oksidi

9 Januari

Daftari la maabara naliandika kwa Kifaransa cha kuungaunga na Kiingereza cha haraka, na wiki mbili baadaye mwenyewe huwa sijui nilitaka kusema nini. Halafu juzi kaka yangu kanipigia kutoka Mbagala, kaniuliza hasa nasomea nini huku Grenoble. Nikamwambia, "Superkondakta." Akanyamaza kidogo. "Yaani konda anayerudisha chenji, dogo?" Nilicheka mpaka watu kwenye tramu wakageuka. Basi shajara hii ni ya Kiswahili, na msomaji wake wa kwanza ni yeye.

Kitu chenyewe ni utando wa indiamu oksidi wenye unene wa nanomita 30. Atomi zake hazikupangwa safu kama za chumvi au almasi. Zimekaa shaghalabaghala, kama dagaa waliomwagwa kwenye chanja. Ukiupooza hadi chini ya kelvini 2 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, baridi isiyopitika), ukinzani wake wa umeme unatoweka kabisa: hiyo ndiyo superkondakta. Sasa uuwekee uga mkali wa sumaku: utando uleule unageuka kihami, na kadiri unavyozidi kuupooza ndivyo unavyozidi kugoma kupitisha umeme. Elektroni ni zilezile. Kilichobadilika ni namba moja kwenye kidhibiti cha sumaku.

Barafu inayeyuka kwa sababu joto linazitikisa molekuli mpaka zinaachana. Karibu na sifuri kamili hakuna joto la kutikisa kitu, lakini hata hapo chembe ndogo hazitulii: kanuni ya Heisenberg inazinyima nafasi ya kuwa mahali pamoja na kutulia kwa wakati mmoja. Mtikisiko huo usiokwisha ndio unaovunja hali moja na kuleta nyingine, na usukani wake ni uga wa sumaku. Ndiyo maana huitwa mpito wa awamu wa kikwantumu. Kazi yangu ni kuupima mpaka wa mpito huo, kwa sumaku inayofika tesla 14 na jokofu linaloshuka hadi karibu milikelvini 20, yaani sehemu 20 za elfu za kelvini moja. Kwa kulinganisha, mashine nyingi za MRI hospitalini ni za tesla 1.5 au 3, na uga wa dunia, ule unaogeuza dira, haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya tesla.

Kichekesho ni kwamba sumaku yenyewe imesukwa kwa nyaya za superkondakta, niobiamu-titaniamu na niobiamu-bati. Tunatumia iliyo hodari kuua iliyo dhaifu.

14 Januari

Nimesoma siku nzima. Mwaka 1990 Hebard na Paalanen, wakiwa maabara ya Bell Labs kule Marekani, walipima tando za indiamu oksidi hii hii na kuonyesha kwamba uga wa sumaku unaweza kuzivusha kutoka usuperkondakta hadi uhami. Toleo lilelile la jarida lina nadharia ya Matthew Fisher, makala mbili zikifuatana. Mwaka mmoja kabla, Haviland, Liu na Goldman walishaona jambo la jamii hiyo kule Minnesota kwenye tando za bismuthi, ila wao waliuvuka mpaka kwa kuongeza unene.

Wazo la Fisher nalipenda mno, kwa hiyo nalieleza taratibu. Ndani ya superkondakta elektroni hutembea wawili wawili, jozi za Cooper. Uga wa sumaku ukiingia katika utando kama huu haujisambazi sawasawa. Unaingia kama visulisuli vya mkondo, kila kisulisuli kimebeba kipimo kilekile cha uga, hakizidi hakipungui. Kwenye tesla 8, kutoka kisulisuli kimoja hadi kingine ni nanomita 16 tu. Visulisuli vikinasa kwenye kasoro za utando, jozi zinapita bila kizuizi. Kikichomoka kimoja na kukatiza mkondo, volteji inatokea, na hapo tayari una ukinzani.

Fisher akasema, tazameni upande wa pili. Uga ukizidi, visulisuli ndivyo vinavyotiririka kwa uhuru, na jozi ndizo zinazonasa. Kihami basi ni superkondakta ya visulisuli. Hapo mpakani, ambapo hakuna aliyeshinda, hesabu inatabiri ukinzani usiojali utando umetengenezwa kwa nini wala na nani: h/4e², yaani omu 6,453 kwa kila kipande cha mraba cha utando. Mtu akikupa namba kama hiyo unaona kama umefunuliwa siri.

Vipimo havikukubali kirahisi. Mwaka 1995 Yazdani na Kapitulnik, Stanford, walipima molibdenamu-jerimani: mistari ilikatana vizuri, ila ukinzani wa mpakani ulitofautiana sampuli kwa sampuli. Huo ndio msiba mdogo wa fani yetu, na hakuna aliyeuzika mpaka leo.

22 Januari

Nimeua sampuli ya kwanza kwa sweta. Hewa ya hapa majira ya baridi ni kavu kupita kiasi, nikavua sweta la sufi, nikashika plagi bila kujigusisha kwanza kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Cheche sikuiona wala kuisikia. Chini ya hadubini, mguso mmoja wa dhahabu umeondoka kama ulilambwa. Wiki mbili za kazi.

26 Januari

Sampuli ya pili imefungwa. Nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volteji, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie kwenye hesabu. Kwenye jokofu kuna nyaya 24 kutoka juu hadi chini. 20 zilizobaki nimeziacha zinaning'inia. (Msomaji, ikumbuke sentensi hii.)

2 Februari

Saa nane usiku, milikelvini 18.

Jokofu lenyewe linastahili maneno mawili. Ndani yake inazunguka heliamu ya aina mbili, heliamu-3 na heliamu-4. Chini ya kelvini 0.87 mchanganyiko unajitenga, tabaka lenye heliamu-3 nyingi likielea juu ya lile jingine, kama tui zito juu ya mchuzi uliotulia. Tunailazimisha heliamu-3 ivuke kutoka tabaka la juu kwenda la chini, na kila atomi inayovuka inaondoka na joto kidogo. Ni hesabu ya mtungi wa udongo unaopooza maji kwa kuyaacha yachuruzike na kukauka, ila mtungi huu haukomi hata karibu na sifuri kamili, kwa sababu tabaka la chini daima lina nafasi ya heliamu-3, asilimia 6 na ushee. Pampu zinanguruma usiku kucha. Nimezizoea kiasi kwamba zikinyamaza ndiyo nashtuka.

5 Februari

Mistari imekatana!

Unachora ukinzani dhidi ya uga, mstari mmoja kwa kila jotoridi. Chini ya tesla 8.4, kadiri unavyopooza ndivyo ukinzani unavyoshuka. Juu ya tesla 8.4, ni kinyume. Na pale kwenye 8.4 mistari yote inapita nukta moja, kama chelewa zilizofungwa katikati. Ukinzani wa nukta hiyo ni omu 5,100 hivi. Si 6,453, lakini ni jirani wa mtaa uleule.

Kisha ukachukua umbali wa kila kipimo kutoka 8.4, ukaugawanya kwa jotoridi lililoinuliwa kwa kipeo fulani, na mistari yote ikajilaza juu ya mstari mmoja. Hiyo ndiyo saini ya mpito wa kikwantumu. Kipeo kilichonipa mlalo mzuri kinatoa thamani ya 1.3. Ni karibu kabisa na 4/3, namba ya maji yanayotafuta njia kwenye changarawe, ambayo wengi wameipata. Nimempigia kaka saa hiyohiyo. Alikuwa kazini, akasema, "Hongera dogo, utanieleza jioni."

6 Februari

Leo nimeangalia tesla 6, upande wa superkondakta, mahali ambapo nilidhani hakuna kazi. Ukinzani unaporomoka kutoka maelfu ya omu hadi mamia, hadi makumi, na ulipofika milikelvini 120 ukasimama. Omu 40. Milikelvini 100, omu 40. Milikelvini 50, omu 40. Milikelvini 18, omu 40. Mstari una mkia, na mkia umelala.

Kama ni superkondakta ungeendelea kushuka hadi sifuri. Kama ni kihami ungepanda. Mkia uliolala maana yake ni metali, na metali haikualikwa kwenye shughuli hii: nadharia ya kawaida inasema utando wenye kasoro nyingi kiasi hiki, mwembamba wa kuhesabiwa kama bapa tu, hauwezi kubaki metali karibu na sifuri kamili. Ila kundi la Stanford limekuwa likiripoti mikia ya namna hii kwenye molibdenamu-jerimani tangu 1996, na wengine wameiona kwingineko. Kuna fasihi nzima juu ya metali hiyo ya ajabu, inayosemekana kuzaliwa na jozi za Cooper ambazo hazijaungana wala hazijanasa.

Nakiri, usiku huo niliandika kichwa cha makala.

11 Februari

Msimamizi wangu ameangalia mkia, akauliza swali moja tu: "Una uhakika elektroni zako zimepoa?"

Nimeanza na mshukiwa wa kwanza, mkondo wangu mwenyewe. Nimeushusha kutoka nanoampea 1 hadi 0.1. Kipimo kinakuwa na kelele, yaani namba zinarukaruka, inabidi kusubiri mara nyingi zaidi kwa kila nukta, siku nzima imeishia kwenye nukta kumi na mbili. Mkia haukutikisika. Hesabu nayo inasema hivyo: nanoampea 1 kwenye omu 40 inaleta wati ambazo tarakimu yake ya kwanza, 4, iko nafasi ya 17 baada ya nukta.

Mshukiwa wa kwanza ameachiwa huru. Nilifurahi kuliko inavyompasa mpelelezi.

13 Februari

Siku ya kujaza heliamu. Sumaku inakaa kwenye bwawa la heliamu ya kimiminika, na kila inayochemka tunairudisha kwa mabomba ili igeuzwe kimiminika tena, maana ni ghali na haitengenezwi kiwandani. Inazaliwa ardhini, uraniamu na thoriamu zikioza polepole kwenye miamba mikongwe. Fundi wa heliamu, mzee mmoja wa hapa karibu na kustaafu, alipojua natoka Tanzania akasema neno moja tu: "Rukwa!" Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde lile lina heliamu nyingi, iliyotolewa kwenye miamba na joto la volkano. Tangu hapo ananiita balozi. Tukimaliza kujaza huuliza, "Na ya kwenu inakuja lini?"

18 Februari

Leo nimegusa zile nyaya 20.

Nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa. Plagi moja ya juu ililegea, nikaamua kuzifunga zote kofia za kuziunganisha na ardhi ili nijue iliyolegea ni ipi. Kwenye skrini omu 40 zikawa 33. Nikafunga nyingine: 27. Nilizifunga zote nikiwa nimeshika pumzi, na mwisho mkia ulikuwa umelala kwenye omu 11, ukianzia milikelvini 90 badala ya 120.

Kipimajoto kilikuwa palepale milikelvini 18 muda wote. Hapo ndipo nilipoelewa swali la msimamizi. Kipimajoto kimefungwa kwenye shaba. Kinapima shaba. Elektroni za utando zinaishi kwenye nyumba nyingine, na mlango pekee wa kutolea joto lao ni mtetemo wa atomi. Mlango huo hufungwa kwa kasi jotoridi likishuka, kwa kipeo cha 5 au 6: ukitoka milikelvini 200 hadi 20, njia imefinywa mara laki moja au zaidi. Katika hali hiyo joto la kupuuzika kabisa linatosha kuziacha elektroni kwenye milikelvini 100 huku shaba ikijidai iko 18.

Na joto linatoka wapi? Waya mrefu unaoning'inia ni antena. Fotoni moja, yaani chembe moja ya wimbi, ya simu ya mkononi ya gigahezi 1.8 ina nishati inayolingana na joto la milikelvini 86. Mnara wa redio, kompyuta, taa za dari, simu yangu mwenyewe mfukoni: vyote vilikuwa vinateremka kwenye nyaya 20 hadi kwenye sampuli, na visulisuli vilivyonasa vikawa vinatikiswa mpaka vinachomoka.

Kinachoniuma ni kwamba nilishayasoma haya. Mwaka 2019 Idan Tamir na wenzake walionyesha kwamba mikia ya namna hii, kwenye indiamu oksidi na kwenye niobiamu diselenidi, inatoweka ukichuja mawimbi ya redio kabla hayajafika kwenye sampuli. Nilisoma, nikapigia mstari, nikaamini kwamba vichujio vyetu vya juu, vya joto la chumbani, vinatosha. Kichwa cha makala nimekifuta.

24 Februari

Vichujio vya unga wa shaba. Unachukua unga laini wa shaba, unachanganya na gundi ya epoksi, unazungushia waya mwembamba kama mita 1 na nusu ndani ya kibomba cha shaba, unamwaga mchanganyiko, unaacha ukauke. Kila punje ya shaba ina ngozi ya oksidi, kwa hiyo umeme hauruki kutoka punje hadi punje, na mawimbi ya kasi yanapopita kwenye waya yanajizika kwenye uso wa shaba ya punje na kugeuka joto dogo huko huko, mbali na sampuli. Mkondo wangu wa hezi 13 unapita kana kwamba hakuna kitu. Mbinu hii waliitumia Martinis, Devoret na Clarke kule Berkeley miaka ya 1980, kwenye majaribio yaliyowapa Nobel ya mwaka 2025.

Kuukanda mchanganyiko ndiyo kazi. Ukiwa mwepesi, shaba inazama chini. Ukiwa mzito, hewa inabaki ndani. Mikono yangu inajua unga wa chapati, na kusema kweli ndiyo iliyonisaidia. Nimetengeneza 26, viwili vimekatika waya, 24 vimesalimika.

12 Machi

Jokofu limeshuka tena na vichujio vyote vikiwa vimefungwa kwenye bamba la chini kabisa.

Tesla 6: milikelvini 120, omu 24. Milikelvini 90, omu 4. Milikelvini 60, hakuna kitu, kipimo kimezama chini ya kelele ya vifaa, ambayo ni nusu omu. Mkia umekwenda. Hii haiui madai ya metali ya ajabu kila mahali, maana wapo wanaodai kuiona hata baada ya kuchuja. Imeua ya kwangu tu.

Upande wa kihami ndiko kulikonishangaza. Sampuli hizi zina kilele: ukipita mpaka, ukinzani unapanda sana, halafu uga ukizidi unashuka tena, jambo ambalo kundi la taasisi ya Weizmann, Israeli, lililipigia debe mwaka 2004. Kwenye mshuko wa kwanza wa jokofu, kabla ya vichujio, kilele changu kilikuwa tesla 11 na omu elfu 40, kizuri, cha heshima. Leo kwenye jotoridi lilelile la kipimajoto ni omu laki 3 na zaidi. Kumbe elektroni zenye joto zilikuwa zinakikata kichwa. Tena sasa nanoampea 1 ni nyingi mno kwa ukinzani huo, inapasha sampuli yenyewe, kwa hiyo upande ule nimerudi kwenye mkondo mdogo na kusubiri kwingi.

20 Machi

Hesabu ya kipeo nimeirudia yote, na ile 1.3 ya Februari naitupa, kwa sababu nusu ya nukta zake za baridi hazikuwa za baridi.

Shida mpya: chelewa hazijafungwa mahali pamoja. Mistari ya juu ya milikelvini 400 inakatana kwenye tesla 8.1. Ile ya chini ya milikelvini 150 inakatana kwenye 8.6. Nukta inatembea. Nikikokotoa kwa vipande, kipeo nacho kinakua kadiri ninavyopooza, kutoka 1.3 kwenda 2.2. Kuna wanaosema 7/3, kwa hoja ya elektroni zinazopenya vizuizi badala ya kuvizunguka. Kuna pia ripoti ya 2015 kwenye tando za galiamu, ambako kipeo hakikufika popote, kilizidi kupanda kuelekea kwenye mpito, kwa sababu vidimbwi adimu vya usuperkondakta vinaendelea kuishi ndani ya utando uliokwisha kushindwa. Kwangu mimi kukua hadi 2.2 kunaweza kuwa lolote kati ya hayo. Ili kutofautisha nahitaji nukta chini ya milikelvini 40, na ili ziaminike nahitaji kipimajoto cha elektroni zenyewe. Msimamizi amependekeza kutumia kelele ya joto ya sampuli, ambayo hukua sambamba na jotoridi la elektroni. Kwa hiyo kelele niliyohangaika kuifukuza, sasa natakiwa niipime.

27 Machi

Nimemweleza kaka kuhusu zile nyaya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo konda wako alikuwa mzima, ila abiria walikuwa wanapandia madirishani." Nimejaribu kutafuta kosa katika mfano huo, sijalipata. Nimemwambia nitauiba.

Mshuko wa tatu umeanza asubuhi. Vichujio 24, nyaya zote zimefungwa, waya wa kusomea kelele umeongezwa. Sasa ni saa tano usiku, kelvini 0.95, mchanganyiko unakaribia kujitenga. Kaka, ukinitafuta usiku huu sipatikani. Simu nimeizima, iko kwenye droo ya ofisini, ghorofa mbili juu.